Wananisifu kwamba sina neno, na mimi nimechoka

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kukusumbua, najua una barua nyingi za watu wenye shida kubwa kuliko yangu.

Nina miaka 48, mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi. Mimi sifanyi kazi, nipo nyumbani tu. Mume wangu ni dereva wa lori, mtu mwema, hanitukani wala hanipigi. Kwao ni Kibosho, naye ni kitinda mimba, kwa hiyo kihamba, yaani shamba la nyumbani la baba yao, tumebaki nacho sisi, na mama mkwe yuko mikononi mwangu. Kwa hilo sinung'uniki. Yule mama alinipokea kama mtoto wake.

Tatizo ni mimi na watu. Tangu niolewe, miaka 25 sasa, shughuli yoyote ya ukoo ule chakula ni changu. Komunyo, kipaimara, sendofu, harusi, msiba. Napanda Kibosho siku mbili kabla, nachambua mchele, namenya vitunguu, nalala sakafuni na wasichana wa kuosha vyombo, saa tisa usiku nimeshawasha kuni. Krismasi wanakuja wote kutoka Dar na Arusha. Mwaka jana tulilala watu 23 na mimi sikukumbuka kula mpaka jioni.

Mwezi wa tisa tulikaa kuangalia video ya harusi ya mtoto wa wifi mkubwa. Saa tatu na nusu, Shangazi. Nikawa nasubiri nijione. Nimeonekana mara moja tu: mgongo wangu, kanga kiunoni, nimeinamia sufuria, kamera inanipita ikimfuata bibi harusi. Sare ya ukoo niliichangia 85,000. Siku ile ilibaki kwenye msumari chumbani. Hadi leo haijavaliwa, ina chaki ya fundi kwenye pindo.

Kwenye kikoba nako ni hivyo hivyo. Mwenzangu aliniomba mbele za watu nimdhamini mkopo wa laki nane, nikaona aibu kukataa. Ameacha kuja tangu mwezi wa nne. Nalipa mimi, 80,000 kila mwezi, na mume wangu hajui.

Sasa limekuja hili. Wifi mkubwa ameandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: tarehe 28 Desemba ni misa ya shukrani ya mama kutimiza miaka 80, wageni 150. Akamalizia, "Chakula hatuna wasiwasi, wifi yetu yupo, yule hana neno." Wote wakaweka dole na mioyo. Na mimi nikaweka dole. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Miezi ya karibuni silali. Naamka saa nane usiku nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio. Siku zangu zinaruka miezi miwili, mitatu. Mambo ya zamani niliyodhani nimeyasahau yananirudia. Wiki iliyopita nilimjibu mama mkwe vibaya kwa sababu ya chumvi tu, akanyamaza, nikatamani ardhi inimeze.

Binti yangu anasema, mama toka kwenye kundi, zima simu, wapike wenyewe. Mume wangu anasema, "Umewazoesha mwenyewe." Mimi nawaza niwaambie wanilipe, kama wanavyomlipa MC na mpiga picha. Halafu naona aibu. Mtu anamtoza hela mama mkwe wake? Zamani nilikuwa na ndoto ya kufungua mgahawa mdogo karibu na stendi, lakini ndiyo hivyo, maisha.

Je, mimi nimekuwa mtu mbaya? Na kwa umri huu mtu anaweza kubadilika, au nivumilie tu? Samahani kama nimeandika kwa kinyongo. Samahani na kwa urefu.

Mama wa Jikoni, Pasua

*

Marahaba mwanangu.

Hujawa mtu mbaya. Nimeona nianze na hilo, nisije nikakuacha ukilitafuta mpaka mwisho wa ukurasa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Umeniomba samahani mara tatu, na hujanikosea chochote. Wifi yumo, mama mkwe yumo, mwenzako wa kikoba yumo, wageni 150 wamo. Nikatafuta mahali uliposema wewe unataka nini. Nimekuta sentensi moja, ya mgahawa, nayo umeiachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Na kabla ya sentensi hiyo umeandika, "Mimi sifanyi kazi." Hapo niliweka kalamu chini. Mtu anayelisha ukoo mzima kwa robo karne hafanyi kazi? Mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali ya ndoa, kwa kuisoma Sheria ya Ndoa ya 1971. Sikutumi mahakamani, ndoa yako nzuri na Mungu aizidishe. Nakuambia kwa sababu majaji walishaiita kazi, na wewe bado unaiita kukaa nyumbani.

Sasa tuanze na mwili, maana huo haungoji Desemba. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na mwili huanza kuhangaika miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpango, ndipo linapokuja lile joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi kukatika na hasira za karibu. Kwa umri wako na hizo siku zinazoruka, inaelekea ndiko uliko. Lakini usijipime kwa barua yangu. Nenda Mawenzi au KCMC, wakupime presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa kuwa tezi ikizidisha kazi nayo huleta jasho na moyo kwenda mbio. Kuna tiba, na kuna mambo madogo yanayosaidia. Kumbuka pia kwamba hedhi kuruka si hedhi kukoma: madaktari huhesabu imekoma baada ya miezi 12 mfululizo, na kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Na ikitokea mwaka umepita kisha ukaona damu tena, hata kidogo, siku hiyo hiyo anza safari ya hospitali.

Yale maneno ya chumvi basi hayakuletwa na chumvi. Usiku wa usingizi wa saa tatu tu hauwezi kubeba tabasamu ulilozoea kulibeba. Wanawake wengi wa rika lako wananiandikia kwamba wamekuwa wakali ghafla, na ninaposoma vizuri naona yale yanayowaudhi yapo tangu zamani. Kilichopungua ni nguvu ya kuyafunika.

Nije kwenye hiyo sifa ya "hana neno". Na mimi nililelewa nayo. Mtoto wa kwanza wa kike, Old Moshi, ndugu sita nyuma yangu. Wageni wakija mama ananionyesha kwa kidevu, "Huyu hana neno." Nilikuwa navimba kichwa kwa furaha. Nilichelewa sana kuona kwamba watu wakishazoea huna neno, hawakuulizi tena, maana ya nini kumuuliza asiye na neno? Wifi yako hakukuonea alipoandika vile. Kwa miaka 25 umemwambia kwa vitendo kwamba hakuna haja ya kukuuliza. Mume wako anaposema umewazoesha, amesema kweli nusu. Nusu aliyoiacha ni kwamba yeye alikuwepo muda wote, na wale ni dada zake.

Binti yako ninampenda kwa kukuona, ila ushauri wake usiufuate. Siku hizi kuna mafundisho mengi ya kujitenga na kila anayekuchosha. Labda yanamfaa mtu anayeishi peke yake mjini. Wewe uko Pasua, mama mkwe yuko Kibosho, na hao wa kwenye kundi ndio watakaosimama na wewe siku ya msiba wako. Ukizima simu leo, kesho utaiwasha kwa aibu, na utapika mara mbili zaidi ili wakusamehe. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Umeyaona masale pale kwenye kihamba. Wazee waliyapanda kuonyesha shamba la huyu linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Na Mchagga akimkosea mwenzake, anachukua jani la sale hilo hilo kwenda kuomba radhi, na si rahisi kumfukuza mtu aliyekuja nalo. Mmea mmoja, kazi mbili, na wazee hawakuona mgongano wowote hapo. Jirani hakasiriki kwa sababu masale yapo. Ugomvi huja pale ambapo hayakupandwa, kila mtu analima anapodhani ni pake. Kwako hayakupandwa, mwanangu. Wifi zako hawajaruka mpaka, hawaujui ulipo. Kwa hiyo nenda kauonyeshe, na nenda kwa upole.

Kabla hujazungumza na mtu yeyote, tenga kwanza ndiyo zako. Kuna unazozitoa kwa mapenzi, na kuna unazozitoa kwa woga wa kuonwa vibaya. Mtori, ile supu ya ndizi unayompikia mama mkwe, naamini, ni wa mapenzi, hukuulalamikia hata neno moja. Ule udhamini wa kikoba ni wa woga, na dalili yake ni kwamba umemficha mume wako. Nyingine unazijua wewe. Za mapenzi usiziguse, hata wakikuambia umekuwa mtumwa wa mkweo. Hakuna anayekudai uache kuwa mkarimu.

Kisha anza na mume wako, na uanze na deni. Mwambie leo, akiwa ameshakula. Atakasirika, na ana haki. Lakini huwezi kumwomba asimame nawe mbele ya dada zake huku unamficha 80,000 kila mwezi. Kuhusu deni lenyewe, omba katiba ya kikundi uisome kipengele cha udhamini: hisa na akiba za aliyekopa zilipaswa kukatwa kabla yako? Vikundi kama chenu vipo ndani ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vinatakiwa kusajiliwa, si mambo ya kusemana kienyeji. Na mdhamini aliyelipa deni la mwingine ana haki ya kumdai yule aliyekopa. Weka risiti zote. Mtafute kwa amani, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa mkaandikishane, na ikishindikana mahakama ya mwanzo ipo. Kuanzia sasa, mtu akikuomba kitu mbele za watu, jibu lako liwe moja: "Ngoja nikatafakari, nitakujibu kesho." Hata kama unajua utakubali. Mdomo wako uzoee kwanza kutokukimbia.

Halafu panda Kibosho, siku isiyo na shughuli. Muombe mama radhi kwa ile siku ya chumvi, na ukichuma jani la sale hapo hapo shambani kwake ukamshika nalo mkono, ataelewa kuliko maneno yote. Mkishatulia, muulize: "Mama, unatimiza miaka 80. Unataka siku hiyo iweje?" Katika barua yote sikuona mahali mtu alipomuuliza. Huenda anawataka hao 150. Huenda anataka misa, wajukuu wake, na mtori wa ndizi mshare uliopondwa vizuri bila mabonge. Lolote atakalosema, mume wako alibebe kwa dada zake. Yeye kwanza, kwa sababu ni mama yake.

Ndipo wewe umpigie wifi mkubwa. Usiandike kwenye kundi. Kumjibu mkubwa wako mbele za watu ni kumvua nguo, na atajibu kama aliyevuliwa nguo. Piga simu, mjuliane hali, umwambie: "Wifi, nimefurahi kwa misa ya mama. Lile dole niliweka haraka, nilikosea. Mwaka huu sitapika chakula cha wageni. Asubuhi nitampikia mama mtori wake, na kanisani nitakaa naye. Nimekutafutia wapishi wawili wa kulipwa, nakutumia bei zao, kamati itachagua." Kisha nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi. Utataka kuongeza sababu. Usiongeze. Ukitaja mgongo, watakuletea dawa ya mgongo. Ukitaja safari, watasogeza tarehe. Akisema, "Wifi umebadilika," mwambie, "Ndiyo wifi." Utaitwa mwenye maringo, watasema umepata hela. Kwa wiki mbili tatu kundi litakuwa kimya ukiingia. Itauma, sikufichi.

Mimi nilikataa kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 53. Walitaka niwe mweka hazina wa kamati ya harusi, ya sita mfululizo. Nikasema siwezi. Usiku ule sikulala, nikajiona nimevunja ukoo. Saa 12 asubuhi nilipiga simu ili nirudi nyuma, niwaambie nimekubali. Mwenyekiti hakupokea, alikuwa anaoga. Aliponipigia saa nne, walishapata mtu mwingine, na alikuwa anajua kutumia kompyuta. Ningekuomba, ukiamka usiku wa kwanza na hamu ya kurudisha maneno yako, simu iwe chumba kingine.

Kuhusu kuwatoza: kwa misa hii, hapana. Umeuliza kwa hasira, na bei iliyotajwa kwa hasira watu huisikia kama kisasi hata ikiwa halali. Tena siku hiyo wewe ni mke wa nyumba, mwenye mji. Mahali pako ni karibu na mama.

Lakini wazo lenyewe usilitupe. Mtu anayejua kwamba watu 150 wanataka kilo 20 za mchele na lini moto upunguzwe pilau isiungue chini, ana ufundi ambao watu wa mji huu wanaulipia kila Jumamosi. Januari shughuli hupungua, halafu inaingia Kwaresima, harusi zinangoja Pasaka. Miezi hiyo ndiyo ya kujipanga. Kaa na binti yako, aandike, wewe utaje: nyama, mchele, mafuta, viungo, kuni au gesi, gari la kubeba sufuria, mishahara ya wasaidizi, vyombo vitakavyovunjika. Mkimaliza, ongeza mstari wa mwisho: mshahara wako. Usiuache wazi, na usiandike "tutaona". Mteja alipe nusu kabla hujaenda sokoni Mbuyuni. Kapimwe afya kama wanavyotakiwa watu wanaouza chakula, chukua TIN, haina malipo, uliza leseni pale Manispaa. Ukipata wanawake wenzako wa kuunda nao kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za wanawake. Ila wenzako wachague wewe, ukiwa umekaa, si kwa kuombwa mbele za watu.

Kazi mbili za kwanza zisiwe za ndugu. Kwa ndugu huwezi kushikilia bei bado.

Umeuliza kama kwa umri huu mtu anaweza kubadilika. Kati yako na mama mkwe wako kuna miaka 32. Ni mingi kuliko yote uliyokwisha kuwapikia.

Na ile sare itoe kwenye msumari, ipeleke kwa fundi amalizie pindo, chaki itoke. Uivae tarehe 28. Niandikie Januari uniambie ulikaa benchi la ngapi, na mama alikula mtori bakuli ngapi.

Shangazi